Kompyuta ya Juu ya Kabati

Baba hatupi kitu. Nyumbani Muheza kuna redio ya mbao iliyonyamaza tangu niko darasa la nne, kuna fremu ya baiskeli iliyogeuka kiango cha nguo, na juu ya kabati la chumbani kwake, ndani ya mfuko wa Rambo wa enzi zile kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku, kulikuwa na kompyuta yangu ya chuo. Mwenyewe nilishaisahau. Desemba 2025 nilipokwenda kumsalimia, shikamoo na marahaba zimekwisha, chai haijapoa, akaniuliza, "Ile mashine yako nikiitaka niandikie, utaninyima?"

"Baba, siwezi kukunyima. Ila sidhani kama itawaka."

"Iwashe kwanza, ndio uniambie."

Amefundisha shule za msingi miaka 41. Alianza 1977, mwaka wa UPE, serikali ilipotaka kila mtoto aingie darasani na walimu hawatoshi, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa kazi huku wanaifanya. Alistaafu 2018. Sasa anataka kuandika habari za miaka ile. Ana madaftari manne ya kaunta yamejaa mwandiko wake ule wa ubaoni, uliosimama wima kama wanafunzi mstarini.

Nikapanda kiti, nikaishusha. Ni zile laptopu ndogo za inchi kumi zilizovuma 2008 na 2009, ambazo tulikuwa tunazibeba kwapani kama Biblia. Prosesa Atom N270 ya gigahezi 1.6, ramu giga moja, diski ya kuzunguka ya giga 160. Niliinunua kwa boom, hela ya mkopo wa wanafunzi, la mwaka wa kwanza, na muhula mzima uliofuata nikala wali maharage. Nikachomeka chaja. Kitaa kikawaka. Baada ya dakika tatu na ushei za diski kugugumia, tk, tk, tk, ikaja skrini ya zambarau ya mfumo endeshi wake, Ubuntu 10.04, ikidai neno la siri.

Silikumbuki. Nilijaribu majina ya wasichana watatu, halafu nikaona aibu maana baba alikuwa amesimama nyuma yangu.

Ubuntu niliipata kabla sijawa na kompyuta. Mwaka 2008 nimemaliza kidato cha sita, nasubiri kwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nashinda kwenye kafe ya intaneti pale Tanga mjini, nikasoma kwamba kuna kampuni inatuma sidii za mfumo endeshi bure, hadi mlangoni kwako, hata posta hulipi. Nikajua ni matapeli. Lakini walichoomba ni anwani tu, na anwani haina hasara. Nikajaza sanduku la posta la shule aliyokuwa anafundisha baba.

Wiki kadhaa baadaye mwalimu mkuu akamwita baba ofisini amweleze mwanawe anaagiza nini Ulaya. Ndani ya bahasha kulikuwa na sidii za Ubuntu 8.04 na stika. Zilikuwa za kweli. Huduma ile iliitwa ShipIt, Canonical waliiendesha kuanzia 2005 hadi 2011, na mwenye kampuni alikuwa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule aliyejilipia safari ya anga za juu mwaka 2002. Jina la mfumo halikuhitaji mkalimani. Wazulu wanasema ubuntu, sisi tunasema utu, na baba alipoliona kwenye karatasi alisema tu, "Hawa ni watu wetu."

Chuoni Linux, ukoo wa mifumo endeshi ya bure ambao Ubuntu imo, ilinipa riziki. Mtu aliyesoma miaka ile atakumbuka virusi vya flashi. Unachomeka flashi yako kwenye kompyuta ya steshenari kuchapa kazi, ukirudi chumbani mafolda yote yamepotea, au kila folda imegeuka faili la kuendeshwa lenye picha ya folda, ukilibofya umeikaribisha balaa kwako. Wanafunzi walilia. Kumbe kazi zao hazikuwa zimefutwa, zilikuwa zimefichwa, na kwenye Linux mafaili hayo yalikaa wazi kabisa kana kwamba hakuna kilichotokea. Kirusi kiliandikwa kwa ajili ya Windows; huku hakikuwa na meno. Nilikuwa natembea na Puppy Linux, mfumo mzima wa megabaiti mia na kitu ulioanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003, ambao unajipakia wote kwenye ramu na kukimbia humo humo. Flashi moja shilingi mia tano. Wakati wa kukusanya ripoti za mafunzo kwa vitendo, foleni ilifika hadi nje ya mlango wa chumba. Waliniita Daktari wa Flashi, na kuna mtu mmoja, leo ni mkubwa serikalini, bado ananiita hivyo tukikutana msibani.

Pale Mlimani, kabla yangu, kulikuwa na watu waliofanya jambo kubwa zaidi ya kufufua flashi. Mradi wa Kilinux ulitafsiri programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, na Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice. Mimi niliikuta imeshakuwa hadithi, lakini niliiweka, na nakumbuka mshangao wa kuona kompyuta inanisemesha lugha ya nyumbani. Wenzangu walicheka. Tulikuwa tumezoea kwamba kompyuta ni Kiingereza, kama vile mahakama ni majoho.

Kwa nini niliacha? Ningependa kusema niliacha kwa hoja, lakini niliacha kwa mshahara. Nilipata kazi ya uhasibu, programu ya mahesabu pale kazini ilikuwa ya Windows, mafaili ya Excel yenye makro yalikuwa ya Windows, na bosi hakutaka kusikia kwamba jedwali limehama mistari kwa sababu ya imani yangu. Pia Aprili 2011 Ubuntu ilibadilisha sura, ikaleta Unity, na kwenye kijimashine changu kile ilikuwa kama kumtwika mtoto gunia la chumvi. Nikanunua kompyuta nyingine, nikampigisha fundi window, na hii nikaiacha Muheza kwa muda. Muda huo ukawa miaka kumi na nne.

Basi nikarudi nayo Dar, nikiwa na ahadi kwa baba na kiburi cha daktari wa zamani.

Kiburi kiliniponza siku ya kwanza. Nilikumbuka kwamba ndugu mwepesi wa Ubuntu ni Lubuntu, nikanunua bando, nikapakua karibu giga tatu, nikaandika kwenye flashi, nikachomeka. Mashine ikatoa mistari miwili kwenye skrini nyeusi: kiini hiki (ndio moyo wa mfumo) kinataka prosesa ya biti 64, nami hapa naona ya biti 32. Mwisho wa habari. Giga tatu.

Nilipaswa kujua. Atom N270 ni ya biti 32 tu, kizazi cha zamani cha prosesa, na wakati mimi nimelala watu walishahamisha virago. Ubuntu waliacha kutoa diski za kusakinisha za biti 32 toleo la kompyuta za mezani mwaka 2017. Lubuntu walivumilia hadi 18.10, nao wakaaga. Google Chrome kwa Linux ya biti 32 iliishia 2016. Hata Debian, mama yao wote, mti uliokuwa unamvumilia kila mpita njia, toleo lake la 13 lililotoka Agosti 2025 halina tena kisakinishi cha biti 32. Siwalaumu. Anayetunza programu ya mashine ambazo watu hawazitumii tena anafanya kazi ya kufagia uwanja ambao mpira hauchezwi. Ila kama na wewe una mashine kabatini, fungua mfumo wowote wa Linux uliomo, andika lscpu kwenye dirisha la amri, usome mstari unaotaja biti, ndipo ununue bando. Usinifuate mimi.

Kilichobaki kwa biti 32 ni kidogo, na kilicho kizuri zaidi kati ya hivyo vichache, kwa maoni yangu, ni antiX. Inatengenezwa na kikundi kidogo kinachoongozwa na mtu wa Ugiriki anayejiita anticapitalista, na siasa zao hawazifichi: matoleo yao mengi wanayapa majina ya wanamapambano wa mrengo wa kushoto. Toleo la 23, la Agosti 2023, limejengwa juu ya Debian 12. Debian 12 itaendelea kupata viraka vya usalama hadi 2028, kwa hiyo nilikuwa na miaka miwili na nusu ya kumpa baba. Nikachagua faili lao la kati, zaidi kidogo ya giga moja. Likashuka usiku, maana bando la usiku ni rahisi na mimi usingizi ulishanihama.

Hapa lazima niseme ukweli: nilijiandaa kwa vita. Mwaka 2009 waifai ya mashine hii ilinichukua siku nne. Ilibidi uchukue dereva ya Windows, uifunge ndani ya kitu kinaitwa ndiswrapper, uombe dua, na ukikosea unaanza upya, tena maelekezo yako kwenye intaneti ambayo huna kwa sababu ndiyo unayoitafuta. Nilikuwa na daftari la amri. Safari hii nimewasha kutoka kwenye flashi, kabla hata sijasakinisha, nikabofya alama ya mtandao, majina ya waifai za majirani yakajipanga yote. Nikabofya la kwangu. Ikaunganisha. Nilikaa kimya kama mtu aliyesukuma mlango kwa bega kumbe haukufungwa.

Vita ilitokea pengine. Skrini ya inchi kumi ina vitone 1024 kwa 600, na waandishi wa programu siku hizi hawaamini kwamba kuna mtu duniani ana skrini ya urefu wa 600. Nilifungua dirisha la mipangilio, nikajaza kila kitu, halafu vitufe vya kukubali havipo. Vipo, ila viko chini ya ukingo wa skrini, sakafuni huko. Nilibonyeza Tab gizani nikitumaini kuangukia sahihi. Kisha mkono wenyewe ukakumbuka, kabla ya kichwa: shikilia Alt, kamata dirisha popote katikati, livute juu. Dirisha likapanda, kichwa chake kikatoweka darini, na kitufe kikachungulia chini. Miaka kumi na nne sijafanya vile, na kidole gumba kilikwenda chenyewe kwenye Alt.

Kariakoo nilinunua SSD, diski isiyozunguka, ya giga 120 kwa elfu arobaini na kipande cha ramu cha giga mbili, kimetumika, elfu kumi na tano. Ubao wa mashine hauruhusu ramu zaidi ya hapo. Yule kijana wa dukani aliishika ramu ile ya kizamani, DDR2, kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota sarafu ya Mjerumani. "Mzee, hii unaiweka wapi?" Mzee! Nina miaka thelathini na minane.

SSD ndiyo dawa. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua hiyo, ramu itafuata. Kutoka dakika tatu na ushei za tk tk tk, mashine ikawa inafika kwenye uwanja wake wa kazi kwa sekunde arobaini, kimya kabisa, na ikishatulia inatumia ramu megabaiti 180. Laptopu yangu ya kazini, ambayo ina ramu giga nane, ikitulia bila kufanya lolote inakula zaidi ya giga tatu. Sijui inawaza nini.

Halafu nikataka kusasisha vifurushi vya programu, na mfumo ukakataa katakata. Orodha ya Debian, ukasema, bado haijaanza kutumika. Itaanza miaka kumi na saba ijayo. Nikafungua kivinjari, kila tovuti ikaniambia cheti chake hakiaminiki. Nilidhani waifai, nikadhani mtandao wa simu, nikawasha na kuzima, nikala chakula cha usiku. Ndipo jicho likaangukia saa kwenye kona ya skrini: 1 Januari 2008, saa tisa na dakika kumi na mbili usiku.

Ndani ya kompyuta nyingi kuna betri ndogo bapa kama kitufe cha koti, CR2032, kazi yake ni kuiweka saa hai wakati umeme haupo. Yangu ilishakufa, na kila nikichomoa chaja mashine ilirudi siku yake ya kwanza duniani, usiku wa manane, kisha Linux ikaongeza masaa matatu ya Afrika Mashariki juu yake. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa mashine inayoishi 2008 kila cheti kilikuwa kimetoka siku ambazo hazijafika. Mtandao wote ulikuwa mzima. Mgeni alikuwa mimi, niliyetokea mwaka mwingine.

Fundi saa mmoja Manzese alikuwa na betri hizo za aina mbili. "Hii mia tano, hii elfu mbili. Zote zinafanya kazi." Nikachukua ya mia tano.

Saa ikakaa sawa, masasisho yakashuka, nikaweka Firefox, na hapo ndipo furaha ilipopungua. Nilifungua ukurasa mmoja wa gazeti. Kabla ya hapo mashine nzima, na mfumo wake, na dirisha zake, na waifai yake, ilikuwa kwenye 180. Baada ya ukurasa ule mmoja ilipita 700. Feni ikaanza kulia. Kishale kikawa kinasogea kwa kuruka kama panzi. Nilihesabu sekunde hamsini hadi nikaweza kusoma, na habari yenyewe ilikuwa maneno mia mbili kuhusu lori lililoanguka, limezungukwa na video ya tangazo inayojicheza, dirisha la kuomba niruhusu arifa, na dirisha jingine la kuniomba nikubali kufuatiliwa.

Nilikuja nikiamini kwamba mashine za zamani zimezidiwa na mifumo endeshi, na kwamba nikiweka mfumo mwepesi nimemaliza kazi. Si hivyo. Mfumo wa leo kwenye kijimashine hiki unakwenda vizuri kuliko Ubuntu yangu ya 2010, na unajua mambo mengi zaidi. Uzito ulihama, ukaenda kukaa kwenye kurasa. Hakuna distro, yaani aina ya Linux, ya kukupunguzia hilo. Nilifungua Wikipedia ya Kiswahili kwa Dillo, kivinjari kidogo kisichojua JavaScript, lugha inayozichezesha kurasa, kilichokaa miaka karibu tisa bila toleo jipya hadi mtu akakifufua na kutoa la 3.1 mwaka 2024, na makala ikatokea papo hapo, nimeiona kabla kidole hakijanyanyuka. Maandishi na picha, basi. Prosesa ile ile, ramu ile ile. Na hata Firefox yenyewe haina siku nyingi: Mozilla wamefunga biti 32 za Linux baada ya toleo la 144 la Oktoba 2025, na tawi la muda mrefu, 140, ndilo lililoachiwa nalo hadi angalau Septemba 2026.

Nikajiuliza baba anahitaji nini. Nikarudi kwenye maneno yake: niandikie. Hakusema atazame, hakusema aperuzi. Habari anasikiliza redioni, na mambo ya WhatsApp anayo simu. Nikaondoa kivinjari. Nikaweka LibreOffice, programu ya kuandikia, ambayo inachukua sekunde ishirini kufunguka na baada ya hapo haina neno, nikaiandika kwenye faili la mambo ya kuanza nayo ili ikiwaka tu ikufikishe kwenye karatasi nyeupe. Nikaongeza herufi hadi ukubwa wa 16. Nikaiamuru ihifadhi kila baada ya dakika mbili, kwa sababu betri kubwa nayo ni marehemu na Muheza umeme una tabia zake.

Kisha nikaandika sentensi ya kujaribu, na kila neno likapigiwa mstari mwekundu. Kila neno. Mwalimu aliyefundisha miaka 41 angeona daftari lake limesahihishwa lote kwa wino mwekundu na kompyuta ya mwanawe. Nikatafuta kwenye ghala la Debian, kumbe kamusi ya tahajia ya Kiswahili ipo, kifurushi kinaitwa hunspell-sw, kidogo sana, kimekaa pale kinasubiri mtu akitaje. Nikakiweka, nikachagua Kiswahili cha Tanzania, na mistari ikafutika mmoja mmoja kuanzia juu kushuka chini. Vitenzi vilivyonyumbulika sana bado vinaishangaza. Neno kama "walivyotuhamishiana" inaliona kosa, na kusema kweli hata mimi nililitazama mara mbili. Lakini "mwanafunzi" inalijua, "ubao" inaujua, "Muheza" haiijui. Nikaiongeza kwa mkono.

Nilimpelekea katikati ya Januari. Aliifungua, akaitazama ile pau ya chini ya IceWM, programu inayopanga madirisha, yenye kitufe cha menyu pembeni, akasema inafanana na kompyuta ya kwanza iliyoletwa ofisi ya elimu, ile iliyofunikwa kitambaa na haikuguswa na mtu. Halafu akaanza kupiga kibodi kwa vidole viwili, kwa nguvu, tap! tap! tap! kila herufi kama anagongomea msumari. Nikamwambia baba, taratibu, hii siyo taipureta. Akanijibu kwamba alipokuwa anataipu mitihani kwenye stensili, ukigusa polepole herufi haitoboi, na mwanafunzi wa nyuma anapata karatasi isiyosomeka. Vidole vyake vimejifunza hivyo. Nikanyamaza. Kibodi ikiharibika tutanunua nyingine.

Akaniuliza kama kuna siku itazima. Nikamweleza habari ya 2028, kwamba haitazima, ila itakuwa haipati masasisho tena.

"Hata mimi sipati masasisho tangu nistaafu," akasema, akaendelea kugonga.

Nitasema na hili kwa wanaotaka kuiga: kama huna mashine tayari, usitafute ya namna hii. Kwa laki moja na nusu hadi laki mbili unapata laptopu iliyotoka ofisini, biti 64, ramu giga nne, ambayo Windows 11 imeikataa na ambayo tangu Windows 10 ikatiwe masasisho Oktoba 2025 wengi wanaiuza kwa bei ya kutupa. Hiyo itabeba Linux yoyote ya leo, na intaneti ya leo pia, kwa jasho kidogo. Mimi nilitumia karibu elfu sitini, bando la giga tatu lililopotea bure kabisa, na jioni sita, kupata taipureta. Jioni zenyewe sizijutii. Kuna jioni moja mke wangu aliniuliza nacheka nini peke yangu, na nilikuwa nimemaliza tu kuvuta dirisha kwa Alt.

Flashi ya kwanza ya baba ilifika mwezi wa pili, Jumamosi, imetumwa na basi, ndani ya bahasha ya kaki iliyoandikwa jina langu kwa mwandiko wa ubaoni. Ina faili moja, linaitwa SURA YA KWANZA. Kurasa kumi na moja, na zinaanza na mvua kwenye paa la makuti la darasa ambalo lilikuwa na watoto tisini. Kabla ya kusoma nilitazama tarehe, mazoea ya uhasibu. 1 Januari 2008, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri.

Betri ya mia tano imeshakufa. Lakini najua mashine ile ikichomekwa bila betri inaamka saa tisa kamili usiku. Kwa hiyo siku ile baba alikaa mbele yake masaa mawili na dakika arobaini bila kunyanyuka, na umeme haukukatika.

Ile ya elfu mbili nimeshainunua. Bado sijaituma.